Maneno ya Kitanda cha Mfumi: Istilahi za Ufumaji na Ususi katika Maonyesho ya Makumbusho

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mezani petu na majumba ya makumbusho, iliyo fupi kuliko zote ndiyo inayotuchukulia muda mwingi kuliko zote. Nayo ni tafsiri ya maelezo yanayobandikwa kando ya vitu vinavyoonyeshwa: maneno ishirini hivi kwa kila kitu, pengine thelathini. Asiyeizoea kazi hii hudhani kwamba maneno ishirini ni kazi ya dakika kumi. Kumbe neno la kibandiko likikosewa hukosewa mbele ya umma, ukutani, na kosa hilo hukaa hapo kwa miaka. Wanafunzi huja na madaftari yao wakalinakili. Mwalimu naye, kwa kuwa hana kitabu kingine cha kulipimia, hulipa alama ya vema. Na baada ya muda kosa hurudi kwetu, tukaambiwa kwamba ndivyo watu wanavyosema.

Katika makala haya tunakusudia kulieleza jambo hili kwa mfano wa fani moja, yaani ufundi wa jadi wa nguo pamoja na jirani yake, ususi. Rai yetu ni kwamba maonyesho ya nguo yasiyobeba maneno ya kazi iliyoizaa nguo hiyo huhifadhi kitambaa tu. Ufundi wenyewe huachwa nje ya mlango. Kwa hiyo mtaalamu wa istilahi na mtayarishaji wa maonyesho yafaa waketi meza moja tangu mwanzo. Isiwe kwamba mmoja anaitwa wakati mwenzake amekwisha piga misumari.

Yafaa kwanza tuondoe dhana moja. Wengi hufikiri kwamba nguo katika nchi zetu ni kitu kilichokuja na jahazi, na kwamba sisi tulikuwa wavaaji tu. Katika magofu ya Kilwa, yaliyochimbuliwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960, vimepatikana vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, ambavyo vilipachikwa katika vijiti vya kusokotea uzi wa pamba. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizotengenezwa hapo zilisafirishwa mpaka Misri. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa alieleza jinsi watu wa Sofala walivyofumua vitambaa vya rangi kutoka Cambay, wakazichanganya nyuzi zake na uzi wao mweupe, na kufuma nguo mpya. Bara nako, Wafipa walifuma nguo za pamba, na kazi hiyo ilidumu hadi karne ya 20.

Kilichoviangusha vitanda hivyo chajulikana. Kuanzia miaka ya 1830 meli za Marekani, hasa za bandari ya Salem, zilileta Unguja kitambaa cheupe, kigumu na cha bei nafuu, ambacho watu walikiita merikani. Baadaye vikaja vitambaa vya viwanda vya Uingereza na Bombay. Uzi uliosokotwa kwa mkono siku nzima haukuweza kushindana na mtambo wa mvuke. Mahali pengine mafundi walijiokoa kwa kununua uzi wa kiwandani na kuendelea kufuma, kama walivyofanya wafumi wa Mogadishu, ambao hukaa ukingoni mwa shimo na kukanyaga kwa miguu. Mahali pengi zaidi vitanda vilikunjwa.

Lakini tazameni jambo la ajabu. Kitanda kilipokunjwa, maneno yake hayakufa yote. Baadhi yalihamia ofisini. Mtumishi wa serikali anayeandika leo juu ya “mfumo wa elimu” au “mfumo wa malipo” anatumia neno lililotoka katika kitenzi kufuma, na ambalo kwanza lilihusu jinsi nguo ilivyofumwa. Anayesema “mtandao wa simu” ametumia neno lililo ndugu wa kutanda, yaani kunyoosha na kutandaza, kitenzi hicho hicho kilichowapa wafumi neno mtande. Twaweza kusema bila kutia chumvi kwamba lugha yetu ya utawala na ya kompyuta imekaa juu ya kitanda cha mfumi, ingawa wengi wanaoikalia hawajapata kukiona. Jumba la makumbusho likiyaeleza haya mbele ya kitanda halisi, karani aliyekuja na watoto wake Jumapili atapata jambo la kwenda nalo kazini Jumatatu.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe, kwa kuwa ndipo penye utata.

Kufuma. Kamusi za zamani hulipa kitenzi hiki maana ya kutengeneza nguo kwa kupitanisha nyuzi, mbali na ile maana nyingine ya kuchoma kwa mshale au mkuki. Fundi ni mfumi au mfumaji, na chombo chake ni kitanda cha mfumi. Lakini mwulizeni kijana yeyote wa mjini leo kufuma ni nini. Atawaambia ni kutengeneza sweta kwa sindano, au vile vitambaa vya kutandika juu ya makochi vinavyotengenezwa kwa kulabu. Hakukosea, lugha imesogea. Matokeo yake ni kwamba kibandiko kisemacho “Mfumaji akifuma”, kikikosa picha, kitamletea mtazamaji sura ya mama aliyekaa barazani na bonge la uzi. Ndiyo maana tunapendekeza kwamba katika maonyesho iandikwe kufuma kwa kitanda kila mara kazi hiyo inapotajwa kwa mara ya kwanza, na kwamba neno mfumi, ambalo ni la zamani na halijachanganyikana na sweta, lirudishwe kwa fundi wa kitanda. Mfumaji libaki kuwa la jumla.

Mtande na mshindio. Haya ndiyo maneno mawili ambayo kila maonyesho ya ufumaji huyahitaji, na ndiyo ambayo watafsiri wengi huyakwepa. Tumekwisha kuona “nyuzi za wima” na “nyuzi za mlalo”. Watafsiri hao walitazama mchoro uliochorwa ukutani, hawakutazama kazi. Katika kitanda kilicholazwa chini, kwa vigingi vinne na miti miwili, kama kile cha Ufipa, hakuna uzi hata mmoja ulio wima. Mtande ni nyuzi zinazotandwa kwanza, kwa urefu wa nguo, zikakazwa. Mshindio ni uzi unaopitishwa baadaye kuzikata zile za kwanza, ukipita juu ya mmoja na chini ya mwingine, kisha ukasukumwa ushikamane na wenzake. Neno lenyewe linakumbusha kitendo cha kushindilia. Mtu aliyejifunza maneno haya mawili amekwisha jifunza nusu ya kazi, maana ndani yake mna utaratibu: kipi hutangulia na kipi hufuata. “Wima” na “mlalo” hayamfundishi chochote.

Kusuka. Nyuzi hufumwa, majani hutiwa mkononi na kusukwa, kama nywele. Hapa hapahitaji kitanda. Msusi, ambaye mara nyingi ni mwanamke, huchana miyaa au ukindu akapata chane, huzichovya baadhi katika rangi iliyochemshwa, kisha husuka utepe mrefu uitwao ukili. Ukili huo huzungushwa na kushonwa, nao ukawa mkeka. Jamvi husukwa kwa njia iyo hiyo, ila ni la kazi nzito na halina madaha.

Katika sehemu hii tunalo kosa letu wenyewe la kukiri. Tulipata kuletewa orodha ya vitu vya chumba kimoja cha maonyesho, pamoja na picha zake, ili tuvitafutie majina. Mojawapo ilikuwa picha ya bonge kubwa la utepe wa rangi, lililoviringwa kama gurudumu. Katika lugha ya asili kitu hicho kiliitwa mkeka ambao haujakamilika, nasi, kwa haraka ya kazi, tukaandika “mkeka”. Bahati njema, kabla kibandiko hakijachapwa, mwenzetu mmoja alishauri orodha isomwe mbele ya msusi. Bibi yule alisikiliza kwa adabu mpaka tulipofika hapo, akacheka. “Huo si mkeka, mwanangu,” akasema, “huo ni ukili. Mkeka bado haujashonwa. Ukiniambia mkeka nitataka kuukalia.” Tangu siku hiyo hatuidhinishi neno la fani yoyote ya mikono kabla halijasomwa mbele ya mtu anayeifanya, hata kama kamusi zote zimelikubali.

Kisa hicho kinaonyesha pia kwamba mahali pengine neno la fundi liko tayari, hai, na kazi yetu ni kutolizuia njia tu. Kanga ndiyo mfano ulio wazi. Kanga ni nguo ya kiwandani iliyopigwa chapa, haikufumwa kijijini. Walakini wavaaji wake wameigawa na kuitia majina kwa ukamilifu ambao sisi wa mezani tungejivunia: pindo ni ule mzunguko wa nje, mji ni sehemu ya katikati, jina ni maneno yaliyoandikwa, na doti ni kanga mbili zilizo pamoja. Mtafsiri anayeandika “mpaka wa nje”, “sehemu ya kati” na “maandishi” amewatafsiria wenye lugha lugha yao wenyewe, na ameifanya maskini. Hali kadhalika zile kofia nyeupe za Unguja na Lamu zenye vitundu vilivyozungushiwa uzi: jina lake ni kofia za viua, na kuziita “kofia zenye matundu” ni kumfanya fundi aliyezishona kwa majuma kadhaa aonekane kama aliyeziharibu.

Tuliahidi kueleza pia mpango wa maonyesho, nasi tutafanya hivyo kwa sababu unahusu maneno kuliko inavyodhaniwa. Nguo ya kale haiwezi kuonyeshwa daima. Mwanga huifubaza rangi na kuudhoofisha uzi, na madhara yake hujilimbikiza. Yakisha kuingia hayatoki. Kwa hiyo wahifadhi wa makumbusho wameafikiana kwamba mwanga unaoangukia nguo usizidi takriban luksi 50, ambapo jua la mchana nje laweza kufika luksi 100,000. Hata kwa mwanga huo hafifu nguo huonyeshwa kwa miezi michache, kisha hurudishwa gizani ipumzike, ikiwa imeviringwa juu ya mwanzi mnene badala ya kukunjwa, kwani penye kunjo ndipo uzi unapokatika. Katika miji yetu ya pwani kuna adui mwingine, nao ni unyevu. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 hivi, ukungu huanza kuota, na pwani kiasi hicho hupitwa mara nyingi. Wadudu hawahitaji kutajwa.

Basi, ikiwa nguo yenyewe huja na kuondoka, ni kitu gani kinachobaki chumbani mwaka mzima? Ni kitanda, ni vigae na vijiti vya kusokotea, ni pamba yenyewe, ni vipande vipya vilivyofumwa ili watu wavishike kwa mikono, na ni maneno. Hivi ndivyo vinavyopaswa kuwa mhimili wa chumba. Mtayarishaji anayepanga kuta zake kwa umri wa nguo, kuanzia ya kale hadi ya juzi, kila mara itamlazimu kubomoa mpango wake nguo inapokwenda kupumzika. Anayepanga kwa mfuatano wa kazi, yaani kuchambua pamba, kusokota, kutanda, kufuma na kumalizia taraza ukingoni, atabadilisha nguo bila kugusa mpango. Na mfuatano huo si kitu kingine ila ni mfuatano wa vitenzi. Kwa maneno mengine, chumba hupangwa kwa sarufi.

Kutokana na mwanga hafifu huo hutokea sharti jingine ambalo watafsiri husahau: kibandiko kirefu hakisomeki. Herufi ziwe kubwa, wino mweusi juu ya rangi nyeupe isiyong'aa, na sentensi ziwe fupi. Tulinganishe mifano miwili. Wa kwanza, ambao ni wa namna tunayoletewa mara nyingi: “Nguo ya pamba. Imetengenezwa kwa mkono. Karne ya 20.” Wa pili, tunaoupendekeza: “Fundi ametanda nyuzi za pamba: huu ni mtande. Sasa anapitisha mshindio, mara juu, mara chini, kisha anaushindilia kwa ubapa wa mti ili nguo isiwe na mwanya.” Huu wa pili una vitenzi vitatu vya kazi na majina mawili ya fani, na mtoto wa darasa la tano ataufahamu kwa kutazama kitanda kilicho mbele yake. Hauna hata neno moja lililobuniwa na ofisi.

Nguo za magome za Waganda, ambazo jirani zao Wahaya wa Kagera nao walizitengeneza, zatupa onyo la namna nyingine. UNESCO ilizitangaza mwaka 2005, na mwaka 2008 zikaingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hapo yafaa kuangalia vizuri, maana kilichoorodheshwa ni ule ufundi wa kuzitengeneza. Kwa Kiganda nguo hiyo ni lubugo, kuipiga ni kukomaga, na kibanda cha kazi ni kkomagiro, neno lililotokana na kitenzi hicho hicho. Kiswahili, kwa kusema “nguo ya gome”, humfanya msomaji afikiri juu ya lile gamba gumu la nje na mti uliokufa. Kumbe fundi hutumia ganda laini la ndani la mti uitwao mutuba, hulipondaponda kwa nyundo za mti zenye mifereji, kuanzia ile ya mifereji mipana hadi ile myembamba, na mti aliouvua huufunika kwa majani ya mgomba nao ukaota ganda jipya. Kibandiko cha Kiswahili kisiposema kwamba mti haufi, kimeacha jambo lililo kubwa. Sisi tungeandika “nguo ya ganda la ndani la mti” na kando yake lubugo bila woga, kwani kuazima kutoka kwa lugha ya Kibantu iliyo jirani ni desturi iliyokubaliwa katika uundaji wa istilahi, tena hutangulia kuazima kutoka mbali.

Kuna pia suala la mtu. Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960 kwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali, kilipita mapema katika njia ya kuwaweka mafundi kazini mbele ya watazamaji. Njia hiyo ni njema, na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 juu ya urithi usioshikika, ambao Kenya iliukubali mwaka 2007, Uganda mwaka 2009 na Tanzania mwaka 2011, umeutaja ufundi wa jadi wazi wazi miongoni mwa mambo ya kulindwa. Lakini fundi anayeitwa siku ya ufunguzi tu, akapigwa picha na mheshimiwa, kisha akapewa nauli ya kurudia kwao, hakuhifadhiwa. Alipwe kama fundi, auze kazi yake hapo hapo, na apewe mwanafunzi. Nasi upande wetu twaomba nafasi ndogo: karani mmoja akae naye siku mbili tatu na kuandika kila neno analolitamka wakati mikono yake inafanya kazi. Fundi akiulizwa majina huku amekaa kitini hutaja machache; akiwa kazini hutaja hata ya fundo na ya kosa.

Mwisho, yako mapengo. Hatujaridhika na jina la kile chombo kinachoubeba mshindio na kuupitisha upande huu hadi ule. Hali kadhalika vile vitanzi vinavyoinua nusu ya nyuzi za mtande ili nyingine zibaki chini, na ule upenyo unaofunguka kati yao. Baadhi ya watafsiri wameleta maneno ya Kiingereza yaliyovishwa irabu mwishoni. Tumeyaweka kando kwa sasa, na katika vibandiko tunaandika kwa maelezo: chombo cha kupitishia mshindio, vitanzi vya kuinulia mtande, upenyo wa mshindio. Ni marefu, twakiri, lakini hayamzibii njia fundi ambaye huenda analo neno moja fupi.

Walimu na watumishi walio katika mkoa wa Rukwa, ambako huenda wako wazee waliowaona wazazi wao wakifuma, na wale walio karibu na wasusi wa Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, twaomba watuandikie. Watupe neno lenyewe kama linavyotamkwa mahali hapo, watuambie ni katika hatua gani ya kazi linatumika, na watuchoree kitu hicho. Mchoro wa kalamu ya risasi watosha.